Jinsi nahodha alivyoomba cheti cha kubeba Wachina, Hong Kong 1856

Chukulia we ni nahodha, uko Hong Kong mwaka 1856, una meli ya Kiingereza na unataka kupeleka Wachina California au Australia. Hung'oi nanga hivihivi. Toka 1855 kuna sheria ya abiria wa Kichina iliyopitishwa na bunge la Uingereza, ukibeba zaidi ya watu 20 safari ya zaidi ya siku 7 basi inakuhusu.

Anza kwa ofisa wa uhamiaji, yeye ndo anatoa cheti. Anakuja melini anapima chini ya sitaha, kila mtu mzima apate futi 12 za mraba, yani mkeka wa futi 2 kwa 6, hapo mtu analala anaumwa anatapika mpaka afike, na watoto wawili wa chini ya miaka 12 wanahesabiwa mtu mmoja. Halafu anaangalia mchele, maji, kuni, dawa. Dhamana ni pauni 1,000 na wadhamini wawili, hela nyingi sana enzi hizo.

Sasa inakuja hatua ambayo mi naona ndo yenyewe hasa. Abiria wote wanapangwa, ofisa ahakikishe kila mtu anajua anapelekwa wapi na mkataba wa kazi ameuelewa, kwa sababu wengi walidanganywa na mawakala na wengine walitekwa kabisa. Lakini fikiria kijana ana deni la wakala, lugha ya ofisa haijui, yuko kwenye foleni ya mamia ya watu, atathubutu kusema sitaki? Hapo ilitakiwa wampe muda na wamweke mbali na waliomleta.

Ukipita hapo unapewa cheti, unaondoka.

Shida sheria iliishia kwa meli za Kiingereza na zile zinazotoka Hong Kong. Oktoba 1855 meli ya Kimarekani Waverly ilikuwa Manila, zikazuka vurugu, Wachina wakasukumwa chini na milango ikafungwa juu yao, ilipokuja kufunguliwa takribani 300 walikuwa wameshakufa kwa kukosa hewa. Marekani ikaja kupiga marufuku meli zake kubeba vibarua wa Kichina Februari 1862, anayehama kwa hiari ilibidi balozi mdogo wa Marekani amthibitishe kwanza. Wenye meli za kwenda Cuba na Peru wao walikuwa wanapakilia Macau kwa Wareno, na kule biashara ilifungwa 1874.