Funksheni ambayo haijaiva: iite kwa jina linalosema hivyo

Huku Mtwara korosho haichumwi. Inasubiriwa ianguke yenyewe, ndipo iokotwe. Lakini anayetumia funksheni yako (kipande cha programu kinachoitwa kwa jina ili kifanye kazi fulani) haoni kama imeshaanguka au bado inaning'inia mtini. Anaona jina tu.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Msimu mmoja niliwaandikia makarani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) programu ya kupokea uzito wa korosho, na ndani yake nikaacha `kadiria_malipo`, ambayo nilikuwa bado naijaribu. Kijana mmoja wa Masasi akaiunganisha na programu yake ya simu. Baada ya wiki mbili nikaibadilisha: badala ya kutoa kiasi baada ya makato, ikatoa kabla ya makato. Jina lilelile, hesabu nyingine. Wakulima wakaonyeshwa pesa ambayo wasingeipata. Akanipigia: "Kaka, mbona hukusema kama bado?" Sikuwa na jibu.

Hatua ya 1: Chagua neno moja, liweke mwanzoni mwa jina. Maelezo ya pembeni husomwa mara moja. Jina huonekana kila funksheni inapoitwa. React, maktaba ya kutengenezea kurasa za wavuti, hutumia `unstable_` na `experimental_`. Mimi natumia `jaribio_`, basi: `jaribio_kadiria_malipo`. Usilichanganye na onyo la hatari. Mwaka 2018 React ilipoanza kuweka `UNSAFE_` kwenye `componentWillMount`, funksheni yake ya zamani, haikuwa inatambulisha kitu kipya. Ilikuwa inaonya kwamba msimbo unaotegemea njia ile ya zamani utaelekea kuzaa hitilafu matoleo ya mbele. Hayo ni mambo mawili, yape maneno mawili.

Hatua ya 2: Kwa huduma ya mtandaoni, weka alama kwenye njia, yaani anwani ambayo programu nyingine huiita. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, hupanda ngazi: `v1alpha1`, `v1beta1`, kisha `v1`. Kwangu ni `/v1jaribio/malipo`.

Hatua ya 3: Panga safari ya kutoka kabla hujaachia. Hapa ndipo wengi tunakwama, kwa sababu jina la majaribio likishazoeleka haling'oki. Vichwa vya intaneti (mistari ya maelezo inayotangulia ujumbe) vilivyoanza na `X-`, alama ya kitu cha majaribio au kisicho rasmi, vilienea hadi RFC 6648, waraka wa miongozo ya intaneti wa Juni 2012, ikashauri desturi hiyo iachwe. Kwenye CSS, lugha ya kupamba kurasa za wavuti, tovuti zilitegemea `-webkit-`, alama ya majaribio ya vivinjari kama Safari, kiasi kwamba mwaka 2016 kivinjari cha Firefox nacho kikalazimika kuielewa.

Kwa hiyo, kazi ikiiva, ipe jina la kudumu linalotaja inachotoa, kisha acha majina yote mawili yafanye kazi kwa muda. La zamani liite jipya na litoe onyo:

```
def jaribio_kadiria_malipo(kilo, bei):
    onya("Tumia malipo_baada_ya_makato. Jina hili linafutwa Machi.")
    return malipo_baada_ya_makato(kilo, bei)
```

Taja mwezi. "Hivi karibuni" haimsaidii mtu kupanga kazi yake.

Hatua ya 4: Futa wakati maghala yametulia. Kuanzia Oktoba, minada inapofunguka, sigusi jina lolote, hata liwe baya namna gani. Karani aliye mbele ya mzani na foleni ya magunia hana nafasi ya kusubiri marekebisho yangu.

Na kama `jaribio_` imepita misimu miwili na watu wanalipwa kwa hesabu yake, usijidanganye kwamba bado uko huru kuibadilisha. Ihamishie jina la kudumu wiki hii.

Kijana wa Masasi aliliona lile onyo Februari. Alibadilisha mstari mmoja, akanitumia ujumbe: "Tayari, kaka." Machi nikafuta.