Afande, Ukitaka Kuwa Wakili wa Mji Mdogo

Maafisa wa jeshi wanaokaribia kustaafu hunipigia simu na swali lile lile: inawezekana kuwa wakili baada ya jeshi? Inawezekana. Mimi nilitoka jeshini nikiwa meja, na leo nina ofisi ya chumba kimoja Masasi, mkoani Mtwara. Wateja wangu wengi ni wakulima wa korosho. Nitakueleza njia, ila nitakaa zaidi kwenye kazi yenyewe, maana wengi huandaa vyeti wakasahau kujiandaa wao.

Anza ungali kazini. Shahada ya sheria inakula miaka. Omba kibali cha kusoma kwa mkuu wako wa kikosi, kwa maandishi, ndipo ujiandikishe. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimewabeba wengi wetu kwa sababu kina vituo mikoani. Ukihamishwa, masomo hayakatiki. Baada ya shahada kuna Shule ya Sheria pale Dar es Salaam, na huko usiende ukidhani ni kukamilisha utaratibu tu. Mwaka 2022 nchi nzima ilizungumzia matokeo yake: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Tenga ada, pango na nauli kabla hujagusa kiinua mgongo kwa ajili ya kujenga. Ukifaulu unaomba kuandikishwa, Jaji Mkuu anakuapisha, unakuwa mwanachama wa Chama cha Mawakili Tanganyika.

Sasa kazi. Mji mdogo unakupa ardhi, mirathi na madeni, na mara nyingi vyote vitatu vinakuja ndani ya bahasha moja ya kaki. Huku kwetu mtu akibanwa na ada ya shule au msiba huweka mikorosho rehani kwa mdomo. Miaka inapita, aliyekopesha anapalilia, anavuna, na siku moja anaanza kujiita mwenye shamba. Wewe ukipokea shauri la namna hiyo, jambo la kwanza kuuliza ni tarehe. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, na mteja anayesema "ni zamani kidogo" lazima asaidiwe kukumbuka: ni kabla ya uchaguzi gani, mtoto yupi alikuwa darasa la ngapi.

Hapa ndipo mafunzo ya uafisa ya Monduli yatakufaa kuliko unavyodhani. Nenda shambani. Ombi linaloandika "shamba la ekari tano lililopo kijiji fulani", basi, linaomba pingamizi la awali. Eneo lisipoelezwa vya kutosha kutambulika, shauri linaweza kuondolewa kabla shahidi hata mmoja hajasimama. Kwa hiyo vaa buti, tembea mpaka wote, chora ramani, andika majirani wa pande nne, hesabu miti.

Kuna bibi mmoja nilimfuata shambani kwake, nikamwamkia, nikamwacha aongee mpaka amalize, ndipo nikamuuliza:

"Bibi, upande wa mashariki unapakana na nani?"

"Na marehemu. Lakini mwembe wa mpaka upo."

"Upo hata leo?"

"Upo, mwanangu. Mjukuu wake kautundika mzinga."

Niliandika mwembe, niliandika mzinga, niliandika jina la mjukuu. Mtu aliyetundika mzinga kwenye mti wa mpaka anajua mpaka uko wapi, na huyo ndiye shahidi wa kumtafuta.

Jua mlango wa kuingilia. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa kuwapatanisha, au siku 30 zikipita bila suluhu, ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukiishitaki halmashauri ya kijiji ni njia nyingine kabisa: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Kwa mtu wa Masasi hiyo ni safari ya Mtwara. Mweleze gharama hiyo mapema, kabla hajauza mbuzi. Na kama shamba ni la marehemu, kwanza apatikane msimamizi wa mirathi. Mtoto wa kwanza hawi msimamizi kwa sababu tu ni wa kwanza.

Wajane wa askari watakuja kwako kuliko kwa wakili mwingine yeyote, kwa kuwa unaijua lugha ya barua za jeshi. Wapokee. Hakikisha majina kwenye cheti cha kifo, cheti cha ndoa na nyaraka za utumishi yanafanana herufi kwa herufi. Askari wengi waliandikishwa kwa jina moja na kijijini wakajulikana kwa jingine, na tofauti hiyo ndogo inaweza kumchelewesha mjane muda mrefu. Mwandalie kiapo cha majina siku hiyo hiyo.

Mahakamani sauti ya gwaride iache nje. Hakimu anaweza kuwa na umri wa binti yako. Unainama ukiingia, unasema "Mheshimiwa, kwa ruhusa yako". Shahidi wa upande wa pili, kwenye maswali ya dodoso, usimkemee. Uliza swali fupi, nyamaza, mwache ajibu. Watu wa huku wanaogopa sare hata ukiwa umeivua, na shahidi mwenye hofu atakubali kila kitu, pamoja na uongo.

Malipo yafuate kalenda ya mkulima. Minada ya korosho huanza kama Oktoba. Kumdai ada yote mwezi Machi ni kumsukuma kwa walanguzi wa kangomba, auze zao kabla ya mavuno kwa bei ya kutupa. Andikianeni makubaliano, lipwe kidogo la kufungulia jalada, linalobaki lisubiri msimu. Toa risiti hata ya shilingi elfu kumi. Vishoka, yaani mawakili bandia, wamewaumiza sana watu hawa kwa karatasi zisizo na risiti, na hati za mashamba zikapotelea mikononi mwao. Kwa hiyo hati halisi ya mteja usilale nayo: piga nakala, mrudishie palepale, asaini au aweke dole gumba kwenye daftari kwamba kaipokea.