Kahawa, chai na ubongo wa mtoto: jinsi ya kuhesabu kafeini ukiwa mjamzito au unanyonyesha

Mama kijacho, kahawa si lazima uiache kabisa, ila lazima uhesabu, na wengi wetu tunahesabu vibaya maana tunaangalia kahawa tu wakati kafeini imo pia kwenye chai, soda za kola, enaji na hata chokoleti.

Kiwango shika hiki: isizidi miligramu 200 kwa siku, ndicho wanachoshauri NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza. Sasa piga hesabu na vikombe vyako. Magi ya kahawa ya kuyeyusha ina kama 100, ya kuchuja kama 140, magi ya chai 75, kopo la kola 40, kopo dogo la enaji 80. Kwahiyo asubuhi kahawa ya kuyeyusha, mchana chai, jioni kola, tayari ni 215 na wewe unajua umekunywa kahawa moja tu!

Mbona kufuatilia hivyo? Kafeini inapita kwenye kondo la nyuma kirahisi, halafu ini la mtoto bado halina kimeng'enya (protini inayofanya kazi hiyo) cha kuivunja. Mtu mzima wa kawaida anaondoa nusu yake kwa masaa kama 5, mimba ikiwa kubwa yanafika hata 15, kichanga yeye anaweza kuchukua siku 3 au 4. Na kazi yake ni kuzuia adenosini, ile kemikali inayouambia ubongo pumzika. Kuhusu akili ya mtoto baadae tafiti bado zinapishana, lakini kafeini nyingi kuhusishwa na kuzaliwa na uzito mdogo hilo limeonekana mara nyingi, na mimi kwangu linatosha kupunguza.

Ukinyonyesha, kinachofika kwenye maziwa ni kidogo, kama asilimia 1 ya ulichokunywa, na kinapanda zaidi ndani ya saa 1 hadi 2, kwahiyo kunywa ukishamaliza kunyonyesha, sio kabla. Mtoto akiwa njiti au wa wiki za mwanzo kuwa makini zaidi, ukiona hatulii na usingizi hauji punguza uangalie. (Hospitali wanawapa njiti kafeini ili wasisahau kupumua, ni kweli, ila hiyo ni dawa ya kipimo, usijaribu nyumbani.)

Ubongo wa mtoto unahitaji chakula pia, anza na folik asidi (aina ya vitamini B) maikrogramu 400 kila siku kabla hata ya kushika mimba, kwasababu mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo unafunga siku kama 28 baada ya mimba kutunga, wengi hapo hata hawajajua. Tumia chumvi yenye madini joto. Kula mayai yaliyoiva vizuri, yai moja lina kolini, kirutubisho cha ubongo, karibu theluthi ya mahitaji ya siku. Samaki wenye mafuta kama sadini sawa, papa acha, ana zebaki nyingi.

Na jamani vidonge vya madini chuma msimezee chai wala kahawa, vinazuia chuma kufyonzwa, acha lisaa limoja au mawili katikati, mezea maji au juisi ya chungwa.

Ukiamua kupunguza usikate ghafla, kichwa kitauma. Toa nusu kikombe, kaa siku kadhaa, toa nusu nyingine.