Priampu ya valvu ikianza kukwaruza
Wenye priampu za valvu hapa Dodoma (kifaa kinachokuza sauti kabla haijafika kwenye amplifaya, kwa taa za kioo ziitwazo valvu), vumbi letu la kiangazi lisiwakimbize kununua valvu mpya. Spika ya kushoto ikikwaruza, zima, chomoa waya ukutani, usubiri nusu saa valvu zipoe. Ndani usiguse kabisa: kapasita, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme, zinaweza kushika volti zaidi ya 200 hata umeme ukishakatwa. Kama valvu zimetokeza nje na kila upande una ECC83 yake (aina ya valvu ndogo), zibadilishane nafasi. Mkwaruzo ukibaki palepale, valvu si mbovu. Ukihamia kulia, shida ni valvu yenyewe au uchafu wa pini zake: chomoa tena waya, zipoe, kisha sugua pini za valvu taratibu kwa mswaki mkavu. Wangu ulihamia, na mswaki ukatoka mwekundu kwa vumbi! Jioni nikaweka taarabu, udi nikausikia uzi kwa uzi.