SOMO: Gari limezima porini na fundi yuko mjini. Fanya haya kabla hujakubali kuvutwa

Wakuu, mimi si fundi. Ni dereva wa Probox, nabeba mizigo kati ya Tabora mjini, Sikonge na Ipole, na msimu wa tumbaku nafika mpaka Urambo. Haya ninayoandika sikuyasomea popote, nimeyalipia.

Siku yenyewe nilikuwa natoka Ipole na madumu sita ya asali. Saa kumi jioni, jua kali, Sikonge bado sijaiona, injini ikakata. Haikukohoa wala kutetemeka, ilikata kama mtu kazima swichi. Nikapiga stata kwa hasira mpaka betri ikaanza kulegea. Likatokea Fuso linarudi mjini tupu, dereva akashuka na kamba, nami nikafunga bila hata kuuliza bei. Usiku tukafika gereji. Fundi akauliza, "Limekuwaje?" Nikajibu, "Limezima tu." Akabusti betri, akapiga stata. Likawaka.

Akasema pampu ya mafuta imechoka, inakwama na kuachia. Tukabadilisha. Siku ya nne likazima tena, safari hii njia ya Urambo. Kumbe ni sensa ya krenki (siyo ile ya kuhesabu watu). Kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari krenki (mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni) imefika wapi kwenye mzunguko. Isiposema, kompyuta haitoi moto kwenye plagi wala haipulizi petroli. Yangu ilikuwa ikipata joto inanyamaza, ikipoa inaongea. Siku ile kama ningemwambia fundi "limezima likiwa la moto, limewaka likiwa la baridi", pampu yangu nzima isingetolewa. Gari linaumwa barabarani, likifika gereji limeshapoa na fundi hana cha kuona. Shahidi pekee ni dereva.

Kwa hiyo hatua zangu nyingi hapa chini ni za kutunza ushahidi. Kuvuta kutafuata.

HATUA YA 1: Toka barabarani

Gari likianza kupungua nguvu tumia mwendo uliobaki kuegesha kushoto, hata kama ni majanini. Washa hazadi (taa za tahadhari). Pembetatu weka nyuma kama hatua hamsini, na kama uko baada ya kona au mlima, rudi nayo mpaka kabla ya kona. Semitrela haisimami ghafla. Matawi nayo yanasaidia, ila ukiondoka yaondoe, wewe mwenyewe unajua unavyoyatukana ukiyakuta usiku.

Abiria washuke na wasogee mbali na lami. Njia ya Ipole kwenda Rungwa, au ile ya Koga kwenda Mpanda, ni pori na mbung'o wapo, na wanapenda nguo nyeusi na za bluu iliyokoza. Ovaroli la bluu la fundi ni kama umewapigia honi. Huko mtandao nao unakuja na kupotea, hivyo ukipata sehemu yenye mnara tuma ujumbe mfupi nyumbani kwanza: uko wapi, namba ya gari, unaelekea wapi.

HATUA YA 2: Kaa dakika tano, andika

Usiguse stata bado. Chukua simu, piga picha dashibodi taa zikiwa zinawaka, kisha andika: Lilikata ghafla au lilikohoa kwanza? (Kukata ghafla mara nyingi ni umeme, kukohoa na kuvuta-vuta mara nyingi ni mafuta. Mara nyingi, siyo kila mara.) Mshale wa joto ulikuwa wapi? Taa gani iliwaka kabla, na gani baada? Kulikuwa na harufu ya petroli, ya mpira ulioungua, ya kitu kitamu-kitamu kama sharubati? Hiyo tamu ni kulanti (maji ya kupoza injini) inavuja. Umeendesha muda gani tangu uwashe? Mara ya mwisho nani aligusa gari, na aligusa nini? Hilo la mwisho watu hulidharau, na mimi nimeona tamino (kichwa cha waya kinachoshika betri) iliyoachwa bila kukazwa ikimlaza mtu njiani.

HATUA YA 3: Jipimie yanayopimika

Sasa piga stata mara moja, sekunde zisizidi kumi, huku mwenzako anarekodi kwa simu. Kuna majibu manne.

Kimya kabisa na taa hazina nguvu: betri au tamino. Shika tamino, izungushe kwa mkono. Ikicheza umempata mwizi. Ikiwa na unga mweupe au wa kijani, isugue.

Tak-tak-tak: betri imeshuka. Mwenye mita ya umeme apime: betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6, ikifika 12.2 iko nusu. Mkibusti na gari likawaka, pima tena injini ikiwa inaunguruma. Alteneta (kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka) nzima inatoa kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, alteneta haichaji, na hata ukinunua betri mpya itakufa kabla ya Nzega.

Stata inazunguka vizuri lakini haiwaki: kama gari lako lina mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), uangalie wakati wa stata. Ukitikisika kidogo, sensa ya krenki pengine inaongea. Ukilala kabisa kwenye sifuri, liandike hilo. Mwenzako aweke sikio kwenye siti ya nyuma asikilize pampu. Magari mengine inalia ukifungua swichi tu, mengine mpaka stata izunguke, kwa hiyo asiposikia msihukumu. Angalia fyuzi. Angalia taa yenye alama ya ufunguo, kama inamweka gari halijautambua ufunguo wako. Na angalia geji ya mafuta. Usicheke.

Stata inazunguka haraka na kwa wepesi usio wa kawaida: taimingi belti (mkanda unaoendesha valvu sambamba na pistoni) inaweza kuwa imekatika. Hapo acha kabisa, kuna injini ambazo valvu zinagonga pistoni.

Jaribu mara tatu tu, ukipumzisha nusu dakika kati ya jaribio na jaribio. Betri utaihitaji kwa hazadi usiku.

Gari lililochemsha ni habari nyingine. Zima, fungua boneti, usiguse mfuniko wa rejeta. Maji ya ndani yako chini ya mgandamizo, ndiyo maana yanapita nyuzi 100 bila kuchemka; ukifungua mgandamizo unatoka na yote yanageuka mvuke usoni kwako. Tabora iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, huku hata sufuria inachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo mfuniko wa rejeta uliochoka unakuumbua mapema kuliko ungekuwa Dar. Subiri dakika 40 au zaidi, mpaka uweze kushika bomba la juu la rejeta bila kuruka. Ndipo ufungue kwa kitambaa, taratibu, uongeze maji kidogo kidogo. Maji baridi kwenye injini ya moto yanapasua silinda hedi.

HATUA YA 4: Mlete fundi kwenye gari, ikiwezekana

Fundi kupanda bodaboda na mashine ya kupimia ni nafuu kuliko gari kupanda lori. Mtumie video ya stata na yale uliyoandika kabla hajatoka, atajua abebe nini.

Na hapa ndipo penye kosa linalowagharimu wengi: MASHINE KWANZA, TAMINO BAADAYE. Kompyuta ya gari inahifadhi namba za hitilafu, na kwenye magari mengi ukichomoa betri zinafutika. Yangu ilikuwa na P0335, ambayo ndiyo ya sensa ya krenki, ila gereji ya kwanza walishachomoa tamino wakabusti upya kabla ya kupima. Mashine ikasema gari zima.

Namba yenyewe pia siyo oda ya spea. P0335 inasema mawasiliano ya sensa yana shida. Inaweza kuwa sensa, waya uliochunika, au soketi iliyoingia oili. P0301 inasema silinda ya kwanza haichomi, haisemi kama ni plagi, koili (inayoipa plagi umeme) au nozeli (inayopuliza petroli). Fundi mzuri atahamisha koili ya silinda ya 1 kwenda ya 2, na namba ikigeuka P0302 koili imejitaja yenyewe. Anayesoma namba na papo hapo anapiga simu duka la spea, mshukuru na umlipe nauli yake.

HATUA YA 5: Kuvuta

Bei kabla ya kamba. Uliza: ni kwenda na kurudi au kurudi tu? Kupakia na kushusha vimo? Mkichelewa gereji ikafungwa, kuna pesa ya kulala? Mkikubaliana mtumie ujumbe wa maandishi, "Tumekubaliana shilingi kadhaa kutoka hapa mpaka pale," asubiriwe ajibu "sawa". Mwenye bima kubwa asome mkataba wake kwanza, baadhi zinalipia kuvutwa.

Kamba inafaa kwa gari la gia za mkono, umbali mfupi, breki nzima. Ifungwe kwenye pete ya kuvutia. IST, Probox na wenzake, pete hiyo iko pamoja na jeki. Kwenye bampa kuna kifuniko kidogo cha plastiki, kibandue, pete inaingia kwa kuzungusha mpaka ikaze. Usikubali ifungwe kwenye bampa au taidi rodi (chuma kinachogeuza matairi ya mbele). Urefu mita nne au tano, katikati kitambaa chekundu. Swichi iwe imefunguliwa, la sivyo usukani unajifunga kwenye kona. Na ujiandae: injini ikiwa imezima, breki ni ngumu kama unakanyaga jiwe na usukani mzito. Mvutaji asizidi kilometa 30 kwa saa.

Gari la otomatiki nitalijibu kwenye maswali, najua litaulizwa.

Kwa Fuso tupu, huku kwetu tunatumia tuta. Lori linarudi nyuma mpaka mdomo wa bodi ulingane na ukingo wa udongo, zinalazwa mbao mbili nene za mninga, gari linasukumwa ndani. Mtu mmoja akae kwenye usukani, hakuna mtu nyuma ya gari linalopanda. Wasukumaji wakae ubavuni. Ndani: breki ya mkono, gia, mawe kwenye matairi yote manne, kamba zipite kwenye matairi. Zikipita kwenye bodi zitakukunja mlango.

HATUA YA 6: Gereji

Soma ulichoandika mbele ya fundi. Piga picha kilometa, geji ya mafuta na vitu vilivyomo. Mwambie spea ya zamani utaichukua. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Kaliua): Mkuu, nina IST ya otomatiki. Jamaa anataka kunivuta kwa kamba mpaka Urambo, nimeweka N. Kuna shida?

Kubwa. Gia boksi ya otomatiki inapata oili kutoka pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizima, matairi ya mbele yanazungusha vyuma vikavu. Kusogeza kutoka barabarani sawa, mpaka Urambo hapana. Matairi ya mbele yanyanyuliwe, au gari zima lipande juu. Kama IST yako ni ya kuvuta matairi manne, ipande juu tu.

Swali (Cheyo): Vile vimashine vidogo vya kuunganisha na simu vinafaa?

Vinafaa kusoma na kufuta namba za kawaida. Ila Toyota za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani, soketi inaingia vizuri halafu simu haisomi kitu, maana lugha ni tofauti. Kiazime ukijaribu kwenye gari lako kabla ya kununua. Na usifute namba kabla hujaipiga picha.

Swali (Igunga): Shikamoo. Nilivuka maji mbuga ya Wembere, yakafika kwenye taa, likazima katikati. Tumelitoa. Nipige stata?

Marahaba mwanangu, USIPIGE. Maji yakiwa ndani ya silinda hayabanwi kama hewa, pistoni ikipanda inakuta ukuta na koni rodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda. Fungua filta ya hewa kwanza. Ikiwa imelowa, fundi atoe plagi zote, ndipo azungushe stata maji yatoke kwenye matundu. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwagwe.

Swali (Urambo, mama mwalimu): Fundi kaniambia ninunue alteneta. Nitajuaje hanidanganyi?

Dada, mwombe akupimie betri mbele yako, injini ikiwa imezimwa kisha ikiwa imewashwa, na taa kubwa zikiwaka. Akupe namba zote mbili. Zikiwa 12.4 na 14.1, alteneta inachaji. Zikiwa 12.1 na 11.9, muulize kwanza kama mkanda umekaza na fyuzi ya kuchaji ni nzima. Akikasirika kwa kuulizwa, gereji ni nyingi.

Swali (Isevya): Mkuu, yule wa Fuso mwishowe ulimlipa ngapi? Na asali ilifika?

Alitaja bei tukiwa tayari ndani ya geti la gereji, sikuwa nayo. Yalifika madumu matano.