Kipofu, mwezi na barabara tupu: kuchora tukio la hadithi kwa mtindo wa N.C. Wyeth

Ukimwambia mwanafunzi achore tukio la kutisha, ataanza na damu. Mimi humwonyesha kwanza picha ya Pew, haramia kipofu wa hadithi ya Treasure Island: usiku wa mbalamwezi, wenzake wamemkimbia, yeye kabaki barabarani na fimbo yake, anapapasa hewa. Hakuna tone la damu, lakini nywele zinasimama. Mchoraji Mmarekani N.C. Wyeth aliichora kwa ajili ya toleo la hadithi hiyo lililotolewa na Charles Scribner's Sons mwaka 1911, hadithi ile ile iliyofasiriwa kwa Kiswahili kama Kisiwa Chenye Hazina. Alipoifanya kazi hiyo hakuwa ametimiza miaka 30, na malipo yake yalimsaidia kununua ardhi Chadds Ford, Pennsylvania.

Tutatumia picha hiyo kama kielelezo. Andaa penseli laini, karatasi za bei nafuu, taa moja ya mezani, shuka na rangi za mafuta. Akriliki nazo zinafaa.

Hatua ya 1: Tafuta mahali mwandishi alipopita haraka

Kama mapigano yameshaelezwa kurasa tatu nzima, wewe utaongeza nini? Katika hadithi hiyo kijana Jim, mhusika mkuu, anamuaga mama yake kwa maneno machache tu, kisha safari inaendelea. Wyeth alisimama hapo hapo. Kijana yuko mbele, keshaondoka. Nyuma yake mama analia, uso kaufunika kwa aproni. Basi soma sura nzima ukiwa na penseli, upigie mstari sentensi fupi kama hizo.

Hatua ya 2: Chora vijipicha

Ishirini, kila kimoja kisizidi kiberiti. Usichore nyuso wala vidole, mafungu ya giza na mwanga tu. Kumi vya kwanza vitakuwa vile ambavyo kila mtu angechora. Vitupe.

Hatua ya 3: Vaa uhusika

Wyeth alifika Wilmington, Delaware, mwaka 1902 kusoma kwa Howard Pyle, mwalimu aliyewataka wanafunzi wake waingie ndani ya picha na kuyahisi yanayompata mhusika. Wengi husoma jambo hili, wakatikisa kichwa, wakaenda zao. Wewe lifanye kweli. Jitande shuka, funga macho, shika fimbo, tembea ukumbini huku mdogo wako akikupiga picha kwa simu. Utagundua kwamba kipofu aliyetupwa na wenzake hatembei kama kipofu aliyeizoea njia. Shingo inatangulia, magoti yanalegea, na ule mkono usio na fimbo haujui uende wapi. Mkono huo ndio picha yako. (Majirani watacheka, wazoee.)

Hatua ya 4: Mwanga mmoja

Hapa usiwe na haraka. Zima taa zote, ubakize ile ya mezani. Iweke nyuma ya mhusika, juu kidogo na upande mmoja, ili kivuli chake kilale chini kikimjia mtazamaji. Sasa finya macho mpaka uone vitu vitatu tu: giza, nusu-giza na mwanga. Vichore hivyo vitatu, basi. Mwanga usizidi sehemu moja ya tano ya karatasi. Ukiutapanya kila mahali, jicho halitajua litue wapi. Kivuli kichore kwa umakini ule ule unaompa mtu mwenyewe, kwa sababu kikikosewa, mguu utaelea.

Kisha shusha usawa wa macho. Ukimtazama mhusika kutoka kimo cha magoti yake, atapanda juu ya nyumba zilizo nyuma na kuonekana mkubwa kuliko alivyo.

Hatua ya 5: Rangi

Kabla ya uchapishaji wa rangi kuenea, Pyle na wachoraji wa rika lake walifanya kazi nyingi za magazeti kwa rangi ya mafuta nyeusi na nyeupe peke yake. Fuata njia hiyo: paka picha nzima kwa kahawia moja kwanza, iache ikauke, halafu ndipo ulete rangi. Mwanga wa mwezi usiupake mweupe mtupu. Changanya buluu, kahawia kidogo na tone la njano, na ile nyeupe nzito iweke mahali pamoja tu. Mimi huiweka kwenye mkono.

Hatua ya 6: Ipunguze

Turubai za Wyeth za kitabu hicho zilizidi mita moja kwa urefu, lakini msomaji alizipata katika ukurasa wa kitabu. Kazi yangu ya kwanza ya hadithi za watoto niliijaza vifungo, mawimbi na magamba ya samaki. Ilipochapwa, vyote vikawa doa la kijivu. Siku hizi, kabla ya kumaliza, naipiga picha kwa simu na kuitazama ikiwa ndogo kama stempu. Usipoiona fimbo, rudi hatua ya 4.