Ramani ya mfumi: kutoa ua kwenye mchoro wa rangi hadi kwenye hariri

Mamia ya michoro ya vitambaa vya hariri aliyoipaka Anna Maria Garthwaite kwa rangi ya maji, huko Spitalfields, London, katika karne ya 18, bado ipo kwenye makumbusho ya Victoria and Albert. Inapendeza mno. Lakini mfumi, kama fundi wa nyumba, hafanyi kazi bila ramani: karatasi ya vyumba inayoonyesha uzi upi unyanyuke. Mimi huitengeneza kwa utaratibu wa Lyon, mji wa hariri wa Ufaransa.

Hatua ya 1. Paka mchoro kwa ukubwa wake halisi. Kitambaa cha Lyon kilizoeleka kuwa na upana wa sentimita 54, hivyo ua la sentimita 27 linaingia mara mbili. Kutanisha kingo za karatasi; shina likikatika, lirekebishe sasa hivi.

Hatua ya 2. Hapa usiharakishe. Safu wima moja ni kikundi cha nyuzi za mtande (zile za urefu wa kitambaa) zinazonyanyuka pamoja. Safu mlalo moja ni mpito mmoja wa mshindio, uzi unaopita kukingama mtande. Fuma kipande cha majaribio, uhesabu. Changu kilitoa vikundi 20 na mishindio 16 kwa sentimita, kwa hiyo waridi la sentimita 5 kila upande linataka safu wima 100 na safu mlalo 80. Mara ya kwanza nilichukua karatasi ya grafu ya shuleni, nikachora duara safi la 100 kwa 100. Waridi likatoka kama yai, urefu sentimita 6.25, na hariri ya wiki nzima ikapotea. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo napiga mistari mwenyewe: kimo cha chumba 5, upana 4.

Hatua ya 3. Jaza vyumba. Chumba hakigawanyiki: ama kina rangi, ama hakina. Petali inapofifia kutoka nyekundu kwenda waridi, usiweke mpaka ulionyooka. Ingiza meno ya rangi moja ndani ya nyingine, mbinu ambayo Jean Revel wa Lyon anasifiwa kwayo tangu miaka ya 1730. Kwa mbali jicho linaona kivuli.

Hatua ya 4. Uzi unaoelea mrefu, yaani unaopita juu ya kitambaa bila kufungwa, hunasa kwenye pete. Ukatishe kwa nukta za kufungia.

Hatua ya 5. Soma safu mlalo mojamoja, kuanzia chini, rangi kwa rangi. Zamani msaidizi alivuta kamba za kunyanyua nyuzi kwa kila rangi. Tangu mtambo wa Jacquard wa 1804, kazi hiyo ilichukuliwa na kadi zenye matundu yanayoamua nyuzi zipi zinyanyuke.

Fuma safu 16 za mwanzo, kisha weka rula. Zikizidi sentimita 1, gonga mshindio kwa nguvu kidogo zaidi.